Nani Alipe Barabara ya Mtaani? Kilosa na Mikumi tangu Enzi za Misafara

Gharama ya barabara za mitaani Kilosa na Mikumi haijawahi kubebwa na upande mmoja. Tangu utawala wa Wajerumani hadi leo, wakazi wametoa jasho, kodi, mawe, mchanga, vipande vya viwanja vyao na, siku hizi, shilingi zilizofichwa ndani ya bei ya kila lita ya mafuta. Serikali nayo imetoa greda, saruji, fundi na amri. Kilichobadilika kutoka zama moja hadi nyingine ni namna ya kulipa na, kubwa zaidi, nani mwenye kauli ya kuamua barabara ipi itengenezwe.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, inaonyesha historia hiyo wazi kuliko wilaya nyingi, kwa sababu imepitiwa na karibu kila njia kubwa ya Tanzania: njia ya misafara ya kutoka pwani, Reli ya Kati, barabara kuu ya kwenda Zambia, na sasa reli ya kisasa. Fedha nyingi zilifuata njia hizo za kupita. Njia za ndani, zile za kumtoa mkulima shambani na mgonjwa nyumbani, ziliachiwa wenyeji.

Maumbile ya nchi yamechangia sana. Mji wa Kilosa umekaa kando ya Mto Mkondoa, chini ya milima ya Usagara. Mvua inayonyesha juu milimani hushuka kwa kasi, ikibeba udongo na magogo, na mto huo umekwisha kuhama mkondo wake zaidi ya mara moja. Mashariki ya mji kuna uwanda wa Mkata, wenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito wakati wa masika. Henry Morton Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliuvuka uwanda huo katikati ya mvua, na wapagazi wake walitembea ndani ya maji kwa siku kadhaa. Mikumi iko kusini, imebanwa kati ya uwanda huohuo na milima ya Vidunda.

Katika ardhi ya namna hii nguvu za mikono zina mipaka. Watu wakikusanyika na majembe wanaweza kufyeka, kuchimba mtaro, kujaza mashimo na kusomba mawe. Hawawezi kushindilia tuta likashindilika, wala kujenga kalvati itakayostahimili mafuriko. Serikali nayo ina mashine, ila haikuwahi kuwa na za kutosha kufika kila kitongoji. Huo ndio msingi wa ubia huu kabla hata ya siasa kuingia: kila upande una kitu ambacho mwenzake hana.

Kabla ya ukoloni, anayepita ndiye aliyetozwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Ujiji na Tabora ililipa hongo kwa watawala wa njiani, kwa vitambaa, shanga na waya. Hongo ilikuwa kubwa zaidi Ugogo, lakini desturi yenyewe ilijulikana katika sehemu nyingine za njia pia. Malipo hayo hayakuwa ya matengenezo, kwa kuwa njia ilikuwa ya mguu na ilitunzwa na nyayo zenyewe. Jaribio la kwanza kubwa la kuchonga barabara ya magari ya kukokotwa katika sehemu hizi lilikuwa la wamisionari. Mwaka 1877 Alexander Mackay wa Church Missionary Society alisimamia vibarua waliofyeka njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mbung'o waliwaua ng'ombe, na nyasi zikairudia njia. Barabara isiyokuwa na watu wa kuitunza kila mwaka haikudumu, na huo ukweli ulijirudia mara nyingi baadaye.

Wajerumani walipoifanya Kilosa kituo cha utawala, walitaka barabara pana za kupitisha askari, posta na misafara. Kazi ya kuzifyeka na kuzisafisha ilipitia kwa maakida na majumbe: kila jumbe aliwajibika kwa kipande kilichopita katika eneo lake, na watu wake ndio walioshika majembe. Kodi ya kibanda iliyoanza kutozwa mwaka 1898 iliongeza mzigo huo, kwani asiyekuwa na rupia za kulipa aliweza kutakiwa alipe kwa kazi. Hapo mkazi alichangia barabara mara mbili, kwanza kwa amri ya jumbe, kisha kwa kodi yake, na hakuulizwa hata mara moja barabara hiyo ielekee wapi. Kazi za kulazimishwa, pamoja na kilimo cha pamba cha amri, zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905, vita vilivyopanda kutoka kusini hadi Uvidunda na Usagara.

Mwaka huohuo wa 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ikawa mji wa stesheni: maduka ya Wahindi, maghala, ofisi ya serikali, na pembeni mashamba makubwa ya mkonge na pamba kuelekea Kimamba na Rudewa. Wamiliki wa mashamba walijitengenezea barabara zao wenyewe za kufikisha mazao stesheni. Hivyo akaongezeka mlipaji wa tatu, mwenye shamba. Barabara zake zilikuwa nzuri pale zilipomfaa, na vijiji vilivyobahatika kuwa njiani vilifaidi bila kuchangia. Vilivyokuwa mbali na njia ya mkonge havikupata kitu.

Waingereza waliuteka mji wa Kilosa mwaka 1916, wakarithi pia mtindo wa kazi, lakini wakaupa maandishi. Sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922 iliruhusu asiye na fedha alipe kwa kufanya kazi za umma, na kazi iliyokuwa karibu zaidi mara nyingi ilikuwa barabara. Kisha ikaja sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, iliyowapa machifu uwezo wa kutoa amri katika maeneo yao, zikiwamo za kutunza njia. Katika Ukaguru na Usagara, kama kwingineko Tanganyika, hazina ya chifu ilikusanya kodi na kubakiza sehemu yake kwa ajili ya mishahara ya makarani, mabaraza na kazi ndogondogo. Barabara ndogo ziliangukia huko. Idara ya serikali ya kazi za umma ilitazama barabara kuu. Mgawanyo huo, wa barabara ya serikali kuu upande mmoja na barabara ya wenyeji upande mwingine, umebaki hadi leo kwa majina tofauti.

Si Tanganyika pekee iliyofanya hivyo. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliwaruhusu machifu wa Buganda kuita mfanyakazi mmoja kwa kila nyumba tatu kwa ajili ya barabara, asizidishe mwezi mmoja kwa mwaka, na kazi hiyo ikajulikana kwa jina la bulungi bwansi. Uingereza yenyewe ilikuwa na sheria ya mwaka 1555 iliyowataka wakazi wa kila parokia wafanye kazi siku nne kwa mwaka katika barabara zao. Siku hizo ziliongezwa kuwa sita muda mfupi baadaye, na sheria haikufutwa mpaka mwaka 1835. Tofauti kubwa ni kwamba mwanaparokia wa Uingereza alitengeneza barabara ya kwenda sokoni kwake, chini ya msimamizi aliyechaguliwa na parokia yenyewe. Mkaguru au Msagara wa miaka ya 1920 alitengeneza barabara aliyoonyeshwa.

Mwaka 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kupinga kazi za kulazimishwa. Mkataba huo haukufuta kila kitu kwa siku moja. Kwa kipindi cha mpito uliweka mipaka: wanaume wenye umri wa miaka 18 hadi 45 tu, na siku zisizozidi 60 katika miezi 12. Uliagiza pia kwamba kazi ya kulipia kodi ifutwe hatua kwa hatua. Jambo lenye uzito zaidi kwa historia ya mitaa ni lile mkataba ulilolitoa nje ya hesabu ya kazi za kulazimishwa. Kazi ndogo za jamii, zinazofanywa na wanajamii wenyewe kwa faida yao ya moja kwa moja, ziliruhusiwa, kwa sharti kwamba wao au wawakilishi wao wawe na haki ya kushauriwa kama kazi hiyo inahitajika. Sharti la kushauriwa ndilo linalotenganisha mchango na shokoa. Katika wilaya za Tanganyika halikuheshimiwa sawasawa, lakini liliandikwa, na mtu yeyote anayetaka kupima haki ya mchango wowote wa barabara, wa wakati ule au wa sasa, hahitaji kipimo kingine.

Katika mji wenyewe wa Kilosa mambo yalikuwa tofauti kidogo. Miji midogo ya kikoloni ilikuwa chini ya ofisa wa wilaya, na barabara zilizotunzwa kwanza ni zile za stesheni, bomani na mtaa wa maduka. Makazi ya Waafrika pembezoni mwa mji yalifagiliwa na wakazi kwa amri ya afya, na mifereji ya mvua ilikuwa ile waliyoichimba wao. Ramani ya lami na vumbi katika miji mingi ya Tanzania bado inafuata mpaka huo wa zamani.

Mikumi haikuwa mji wakati huo. Iliinuliwa na barabara. Mwaka 1954 ilijengwa barabara ya Morogoro hadi Iringa kupitia bonde la Mkata, na eneo lililokuwa gumu kufikika likafunguka kwa wawindaji, wafanyabiashara na wahamiaji. Mwaka 1964 sehemu ya bonde hilo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Katika miaka ya 1960 tawi la reli lililotoka Kilosa lilipita Mikumi likafika Kidatu, kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kuhitaji njia nyingine ya kwenda baharini, malori yaliijaza barabara hiyo hata ikapewa jina la Barabara ya Jehanamu. Ilijengwa upya kwa misaada na mikopo ya nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ilikuwa imetandikwa. Mikumi ikawa njia panda: kwa anayetoka Morogoro, moja kwa moja ni Iringa na Mbeya, kushoto ni Kidatu na Ifakara. Nyumba za wageni, migahawa na gereji zilipangana kando ya lami. Nyuma yake mitaa ilikua bila mpango wala mfereji, na kazi ya kuipitisha gari ikabaki kwa waliohamia.

Uhuru wa mwaka 1961 uliigeuza maana ya jembe. Kauli ya TANU ilikuwa Uhuru na Kazi, na Julius Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 ili kukijenga chama, moja ya kazi kubwa za kipindi hicho ilikuwa kuwahamasisha watu wajitolee. Nchi nzima ilichimba visima, ikajenga madarasa na kuchonga barabara za vijiji. Watu waliokuwa wakikwepa kazi ya chifu walikwenda kwa hiari, wakaimba. Machifu waliondolewa madaraka ya utawala mwaka 1963, na mahali pao pakachukuliwa na kamati za maendeleo za vijiji na, muda mfupi baadaye, mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alijua nani ametoka na nani amebaki nyumbani. Kenya nayo ilikuwa na harambee yake wakati huohuo, ila huko michango ya fedha na majina ya wachangiaji wakubwa vilipewa nafasi zaidi. Tanganyika ilisisitiza nguvu za mikono.

Shauku hiyo ilikutana na tatizo la kihandisi. Barabara nyingi za kujitolea zilichongwa bila vipimo, bila mitaro ya kutosha na bila fungu la kuzitunza. Masika ya kwanza yalizikata. Serikali iligundua kwamba kila barabara iliyochongwa bure na wananchi huzaa gharama ya kudumu kwa halmashauri, na halmashauri hazikuwa na fedha hizo. Kwa hiyo kujitolea kukaanza kuunganishwa na mipango: Mfuko wa Maendeleo wa Mkoa, ulioanzishwa mwaka 1967, ulilenga miradi midogo ambayo wananchi wangetoa nguvukazi na serikali ikatoa vifaa. Azimio la Arusha la mwaka huohuo liliweka watu, ardhi na juhudi mbele ya fedha. Kwa barabara ya mtaani maana yake ilikuwa moja: mchango wa mikono usiachwe.

Kisha serikali za mitaa zikavunjwa. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya ziliondolewa kwa mpango wa madaraka mikoani, na barabara za Kilosa zikawa mikononi mwa watendaji wa serikali kuu waliowajibika mkoani na makao makuu. Wananchi waliendelea kuitwa kuchangia, lakini diwani wa kumuuliza kuhusu matumizi hakuwapo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu na kuwapanga kwa safu kando ya barabara, kwa hoja kwamba huduma zingewafikia kwa urahisi. Safu hizo ndizo mitaa ya leo katika vijiji vingi vya wilaya. Nyingi zilipimwa kwa hatua za miguu, zikaelekezwa kwenye barabara kuu bila kutazama maji yanateremka upande gani, na wakazi wanalipia kosa hilo la upimaji kila masika.

Halmashauri za wilaya zilirudi mwaka 1984, kwa sheria zilizotungwa mwaka 1982. Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo wa 1984 kwamba kuzifuta kulikuwa kosa. Zilirudi zikiwa na kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kila mtu mzima na iliyokusudiwa kulipia mambo kama barabara, shule na zahanati. Kwa karibu miaka 20 ilikuwa ndiyo uso wa halmashauri kwa mwananchi wa kawaida: mgambo, kizuizi, stakabadhi. Mtu aliyekwepa kodi alikwepa kwa sababu hakuona greda. Halmashauri nayo haikuleta greda kwa sababu makusanyo hayakutosha hata kulipa wakusanyaji. Wakati huohuo bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 yalidhoofika, na barabara za mashamba zilizokuwa zikitunzwa na kampuni zikabaki bila mwenyewe. Miaka ya 1980 na 1990 ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote kwa barabara za ndani za wilaya.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, pamoja na ushuru mwingi mdogo ulioitwa kero. Wananchi walipumua, na ilikuwa haki yao. Lakini kufutwa kwake kulikata uzi pekee wa fedha uliounganisha mkazi na halmashauri yake moja kwa moja. Tangu hapo halmashauri zimeishi zaidi kwa ruzuku ya serikali kuu, na fedha za barabara zimetoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa na tozo ya mafuta. Mfuko huo uliwekwa upya kwa sheria ya mwaka 1998, na asilimia 30 zikatengwa kwa barabara za halmashauri, huku sehemu kubwa ikienda barabara kuu na za mikoa. Wakala wa serikali wa barabara, TANROADS, ulioanza mwaka 2000, ulichukua hizo kuu na za mikoa. Hivyo lami ya Mikumi ikawa ya TANROADS, na mtaa ulio mita 50 nyuma yake ukawa wa halmashauri iliyoko Kilosa.

Muundo wa utawala wa miji hii miwili unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndio unaoamua nani anakaa mezani. Kilosa na Mikumi si halmashauri za mji. Ni mamlaka za miji midogo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, na chini yake kuna vitongoji, si mitaa kama ile ya Morogoro mjini. Kitongoji kina mwenyekiti aliyechaguliwa na mkutano wa wakazi wote, lakini hakina bajeti yake. Mwenyekiti akitaka kalvati, hana fungu la kugusa. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kulipeleka ombi ngazi za juu: Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani, baraza la madiwani, mhandisi. Ya pili ni kuitisha mkutano na kuomba mchango. Kwa kawaida hutumia zote mbili, kwa sababu ombi linalofika likiwa na mawe yaliyokwisha kusombwa lina uzito zaidi kuliko ombi tupu. Mpango shirikishi wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliirasimisha njia ya kwanza, na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioundwa mwaka 2000, uliirasimisha ya pili kwa kuifanya sehemu ya mchango wa jamii kuwa sharti la mradi.

Mchango wenyewe huenda hivi. Mkutano hukubaliana kiasi kwa kila kaya, na wazee wasiojiweza, wagonjwa na wajane wenye hali ngumu husamehewa. Asiye na fedha hutoa siku za kazi. Wakazi huleta mawe kutoka mtoni, mchanga na maji. Wanaomiliki trekta au lori huombwa wasombe kifusi. Upande wa serikali hutarajiwa kutoa saruji, nondo, fundi na greda. Mara nyingi greda hupatikana bila mafuta, na hapo dizeli huwa mchango mwingine wa wananchi. Kuna pia mchango ambao hauandikwi popote: ardhi. Barabara ya mtaani ikipanuliwa, mwenye nyumba hung'oa ua, mwembe au banda la kuku bila fidia, kwa kukubaliana na majirani. Kando ya barabara kuu jambo hilo halikuwa la hiari. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa katikati ya barabara, na katika miji ya kando ya lami kama Mikumi watu waliojenga kihalali kwa kipimo cha zamani walijikuta ndani ya mpaka mpya.

Udhaifu wa michango unajulikana kwa kila aliyewahi kuchangia. Stakabadhi hazitolewi, mapato na matumizi hayasomwi, na mchango uliokwisha kutolewa huombwa tena baada ya uongozi kubadilika. Sheria ndogo huruhusu kumtoza faini asiyeshiriki kazi za maendeleo, na baadhi ya watendaji wamezitumia kwa ukali uliowakumbusha wazee siku za jumbe. Mpangaji huuliza kwa nini achangie barabara itakayompandishia kodi ya chumba. Mwenye lori huharibu kwa wiki moja barabara iliyotengenezwa na kaya 100, naye huenda akachangia sawa na bibi mwenye nyumba ya udongo. Mgawanyo wa sawa kwa kila kaya ni rahisi kukusanya, lakini si wa haki. Hapa mamlaka za miji midogo zimekuwa nyuma, kwani kumtoza mtumiaji mkubwa zaidi kunahitaji sheria ndogo inayoeleweka na mtu wa kuisimamia.

Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliuonyesha ubia huu mahali unapokomea. Mkondoa ulivunja tuta lililoukinga mji, ukaingia katika makazi ya Kilosa, ukawaacha maelfu ya watu bila nyumba, na reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe kwa miezi kadhaa. Mitaro iliyochimbwa kwa mikono katika Mbumi, Magomeni na kata nyingine za mji haikuwa na la kufanya mbele ya mto mzima. Januari 2014 maji yalibomoa daraja la Magole karibu na Dumila, yakakata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Daraja hilo, likiwa la barabara kuu, lilishughulikiwa kwa haraka na serikali kuu. Vivuko vya vijijini vilivyochukuliwa na maji yaleyale vilisubiri. Hakuna mchango wa kaya unaoweza kuulinda mji dhidi ya mto ambao vyanzo vyake viko milimani, hata nje ya wilaya. Kazi hiyo ni ya serikali peke yake, na kuiita ya ushirikiano ni kuikwepa.

Mwaka 2017 barabara za wilaya zilitolewa kwenye halmashauri zikakabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, iliyoanza kazi Julai mwaka huo. Hoja ilikuwa kuweka wahandisi na fedha mahali pamoja. Madiwani wengi nchini walilalamika kwamba walibaki kuulizwa na wapiga kura kuhusu barabara wasizokuwa na bajeti yake. Julai 2021 tozo ya shilingi 100 iliongezwa kwa kila lita ya petroli na dizeli mahsusi kwa barabara hizo, na bajeti ya TARURA ikapanda zaidi ya mara mbili. Mwaka huohuo mtandao unaotambuliwa uliongezwa kutoka kilomita zipatazo 109,000 hadi zaidi ya kilomita 144,000. Idadi hiyo ina maana kubwa kwa kitongoji kuliko inavyoonekana: barabara isiyomo kwenye mtandao haiwezi kupewa fedha ya matengenezo, hata ikichongwa na wakazi kwa ustadi wa namna gani. Kuandikishwa ndiko kumekuwa hatua ya kwanza ya kugawana gharama.

Kodi ya majengo nayo imebadili njia. Tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Ukusanyaji umekuwa rahisi, lakini mwenye nyumba analipa bila kuona uhusiano wa malipo hayo na mfereji ulio mbele ya mlango wake, na mpangaji anayenunua umeme mara nyingi ndiye anayebeba mzigo wa mwenye nyumba.

Wakati huohuo njia kubwa zimeendelea kupata zake. Barabara ya Dumila kwenda Kilosa imewekwa lami kupitia Rudewa, kwa awamu. Reli ya kisasa imetoboa milima ya wilaya kwa mahandaki, na treni za Dar es Salaam hadi Dodoma zimepita Kilosa tangu mwaka 2024. Kila stesheni na kila kipande cha lami huongeza viwanja vinavyouzwa pembeni yake, na viwanja huzaa mitaa mipya isiyomo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Kuna badiliko moja la miaka ya karibuni lenye uzito wa kipekee. TARURA imeanza kuwapa vikundi vya kijamii mikataba ya kazi ndogo: kufyeka kando, kuzibua mitaro na kalvati, kuziba mashimo, na katika baadhi ya mikoa kujenga madaraja ya mawe yanayopatikana hapohapo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Kazi ni ileile iliyofanywa kwa amri ya jumbe, kwa kodi ya kichwa na kwa wito wa TANU, ila sasa ina bei, vipimo na malipo yanayotoka kwenye tozo ya mafuta. Kwa barabara zilizoandikishwa, mkazi wa Kilosa au Mikumi anaweza kulipwa kwa kuzitunza. Kwa zisizoandikishwa, mwenyekiti wa kitongoji bado huitisha mkutano, kiasi cha kila kaya hukubaliwa, na orodha ya waliotoa na wasiotoa hubandikwa ofisini.